Nilivyogawanya kwa Sifuri

Chekeni kwanza, mumalize, ndiyo nitaeleza, juu ya nikianza bila ninyi kucheka mimi nitalia, na kulia nimeshalia ya kutosha. Ndiyo, ni minye, mimi mwenyewe. Yule mwanamke aliyepasukiwa na nguo mbele ya pasta, machifu na nusu ya Uvira, mikro ya kusemea ikiwa mkononi, ni minye Faila, na tangu siku ile nikipita soko la Kimanga kuna wamama wauza ndagala wananiita Madame Muujiza, na hawaniiti kwa mapenzi. Lakini nguo si kitu. Kama ingekuwa nguo peke yake ningekuwa ninacheka pamoja nanyi. Aibu yenyewe ilitoka kwenye namba moja ndogo, ndogo kuliko chawa, niliyoiingiza kwenye ordinatere, kompyuta yetu, jioni moja ili mashine iniache niende kula maharagi.

Wakati ule ulikuwa wa vita (msiniulize vita gani, sisi wa Uvira tunasema tu "ile ya wakati barabara imefungwa", na kila muntu anafikiria yake) nami nilikuwa mwanasaikolojia wa kituo kimoja kidogo huku Songo, nyumba ya vyumba vitatu na ua wenye bomba lisilotoa maji. Kwetu walikuja watu ambao risasi haikuwagusa lakini vita iliwafunga hata hivyo: mmoja imemfunga mkono, mwingine usingizi, mwingine sauti. Hawakuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na tatizo lake, kwa hiyo usingeweza kusema hawa nitawatibu, wale nitawaacha, halafu nitaangalia nani amepona. Profesa wetu wa Bukavu, mzee mwembamba asiyependa kelele, alikuwa ametufundisha njia nyingine. "Usimulinganishe Papa huyu na Mama yule," alikuwa akisema. "Kila muntu umulinganishe na yeye mwenyewe." Yaani kwanza unamtazama siku kadhaa bila kumfanyia chochote, unapima, kisha unaanza matibabu na unaendelea kupima, tofauti ya kabla na baada ndiyo habari yako, na kama hakuna tofauti, basi unajua kwamba ulikuwa unajidanganya.

Tulikuwa na wanne. Wa kwanza ni Papa Kashindi, fundi wa cherehani wa Kimanga, ambaye mkono wake wa kulia ulitetemeka tangu bomu lilipoanguka karibu na kibanda chake. Kwake tulipima mishono iliyonyooka. Kulikuwa na binti wa shule aliyeshindwa kutoka kwenye mlango wa nyumba yao, tukapima hatua alizopiga. Kulikuwa na mfugaji aliyeshuka kutoka nyanda za juu bila ng'ombe hata mmoja, muntu asiyelala, tukapima saa za usingizi. Na alikuwepo Mama Josée.

Mama Josée alikuwa mkulima wa mpunga kutoka upande wa Luberizi, Mkatoliki wa kweli, rozari shingoni. Aliletwa na dada yake mkubwa, Mama Sabina, ambaye alimshika mkono njia nzima kama unavyomshika mtoto sokoni. Wenye bunduki waliingia nyumbani kwao, wakawa wengi, wakajaza chumba. Josée alikuwa binti yake. Sitasema zaidi ya hapo. Tangu siku ile yule mama hakufungua kinywa isipokuwa kula, na kula kwenyewe kwa kubembelezwa. Kwake, basi, tulipima maneno.

Sasa ugumu ni kuwaunganisha. Ukitaka kumwambia mkubwa wako kwamba kazi yako inasaidia au haisaidii, huwezi kujumlisha mishono, hatua, saa na maneno, ni kama kujumlisha mbuzi na mihogo. Profesa alitupa dawa yake: chukua mabadiliko ya muntu, uyagawanye kwa kuyumba kwake kwa kawaida, yaani jinsi alivyokuwa akipanda na kushuka siku zile za kabla ya matibabu. Muntu anayeyumba sana, leo amelala saa mbili, kesho saa sita, akipata saa moja zaidi haiko ajabu. Muntu asiyeyumba, akisogea kidogo tu ni habari. Ukishagawanya hivyo, mishono si mishono tena na saa si saa tena, zimekuwa namba tupu, na namba tupu unaweza kuzitafutia wastani. Nilielewa vizuri, niliandika vizuri, nilipewa hata makofi na wenzangu kwa jinsi nilivyoeleza (nilikuwa mwanafunzi wa namna hiyo, wa kunyoosha kidole kabla swali halijaisha). Muntu asiyeyumba kabisa je? Hilo sikunyoosha kidole kuuliza.

Mama Josée hakuyumba. Tulimtazama siku zote zile za kwanza, akakaa mgongo ukutani na uso mlangoni, na kila siku niliandika sifuri. Matibabu yakaanza: kupumua polepole, kuimba kwa kuvumisha midomo imefungwa, kuonyesha vitu na kuvitaja. Sifuri. Sifuri tena. Halafu asubuhi moja nilikuwa nimekaa karibu naye kuliko kawaida (nilisoma fasi fulani kwamba ukaribu husaidia), ninamwonyesha kikombe, ninasema "kikombe", ninakisogeza puani kwake, "kikombe, mama, kikombe", huku ninatabasamu mpaka mashavu yananiuma, ndipo akanigeukia na kusema kwa sauti kavu:

"Genda."

Genda, kwa Kirundi cha kwao kama kwa Kifuliiru cha kwetu, ni nenda, ondoka. Alikuwa ananifukuza. Nilimwelewa vizuri sana, hata kikombe kilimwelewa. Lakini furaha ilinipanda kichwani, nikamkumbatia (maskini, muntu anakwambia ondoka na weye unamkumbatia), nikatoka mbio kuandika: neno moja. Siku zilizofuata ilikuwa sifuri kama mwanzo.

Wiki ile Direkteri wetu alihitaji raporo, ripoti ya kazi yetu. Alikuwa muntu mwema mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu, juu ya mashirika yalikuwa yanafunga milango moja moja na yeye alijua kituo chetu ndicho kinafuata. Gari moja lilikuwa limepata ruhusa ya kupita kesho yake asubuhi, raporo lazima iwemo. Basi jioni ile nikakaa kwenye ordinatere, nikaingiza Papa Kashindi, mashine ikatoa nusu na kidogo. Binti wa shule, karibu sawa na hiyo. Mfugaji, robo tatu. Namba ndogo, za kweli, za watu wanaosogea polepole. Nikaingiza Mama Josée, mashine ikaandika kosa. Nikajaribu tena, kosa. Siku zake za kabla zilikuwa sifuri zote, hakuyumba hata unywele, kwa hiyo kuyumba kwake kulikuwa sifuri, na huwezi kugawanya kwa sifuri. Mashine ilikuwa na akili kuliko minye: ilikataa.

Nikampigia Profesa. Hakuna rezo, simu haishiki mtandao. Nikapanda juu ya jiwe la uani ambako rezo hupatikana, hakuna, ilikuwa imekata tangu mchana kwa sababu ya mapigano ya upande wa bonde. Jenereta ikaanza kukohoa, mafuta yanakwisha. Harufu ya maharagi ya jirani ikaingia dirishani. Nikajiambia, Faila, weka kitu kidogo pale penye sifuri, kidogo kabisa, mashine iendelee, halafu Profesa akipatikana tutasahihisha. Nikaweka sifuri nukta sifuri moja. Mashine ikakubali mara moja, kama muntu aliyekuwa anangoja kuombwa vizuri, na ikanitolea Mama Josée: kumi na mbili.

Ni hivi: ukigawanya kwa kitu kidogo sana, jibu linavimba. Neno lake moja la kunifukuza, hata likitawanywa kwanza kwenye siku zote za kupimwa kwake, likigawanywa kwa chawa yangu likawa mlima, na nilipotafuta wastani wa wanne, mlima ule ukawabeba wote. Tatu na nusu. Nilitazama ile namba nikajua haiko sawa. Kisha jenereta ikazima.

Direkteri alisoma raporo asubuhi akiwa amesimama.

"Tatu na nusu? Si mulisema moja tayari ni kubwa?"

"Ndiyo, Direkteri, lakini huyo mama wa nne..."

"Yule bubu? Amesema?"

"Amesema neno moja, lakini ile namba niliisaidia kidogo ili mashine..."

"Umesaidia vizuri," akanijibu, akanishika bega, na machozi yalikuwa yanamlenga. "Madame Faila, umetusaidia vizuri sana." Gari likapiga honi nje, raporo ikaenda.

Hapo ndipo ningesema. Lakini jaribuni kumwambia muntu anayelia kwa furaha kwamba analia kwa sababu ya sifuri nukta sifuri moja! Nikajipa moyo kwamba ni karatasi tu, karatasi hazisomwi. Siku mbili baadaye nilikuwa ninachambua mboga za lengalenga nyumbani nikasikia redio ya mtaa: huku Songo kuna kituo kinachoponya mara tatu na nusu kuliko vingine, mabubu wanasema, watu wote wanaalikwa Jumamosi kwenye sale kubwa ya mikutano ya Kimanga kujionea. Mara tatu na nusu kuliko vingine! Hata minye mwenyewe sikujua vingine ni vipi.

Na sitawadanganya, mbele ya hofu kulikuwa na kitu kingine. Nilienda kununua kikwembe, kitambaa cha kushonesha nguo. Kizuri, cha majani mekundu, na nikakipeleka kwa Papa Kashindi mwenyewe, juu ya yeye alikuwa ameniomba: "Madame, nguo ya siku ile nitashona minye, watu waone mukono." Alikuwa na haki ya kujivunia. Nusu ya Papa Kashindi ilikuwa nusu ya kweli, wateja wawili watatu walikuwa wameanza kurudi. Nikamwambia aibane kiunoni. Akapima, akanitazama juu ya miwani.

"Madame, tukibana hivi kitambaa kitateswa."

"Bana tu, Papa. Nitasimama, sitalima."

Akabana. Mishono yake ilikuwa imenyooka vizuri ajabu, nilimwona akiipitisha kidole mara kwa mara kama muntu anayempapasa mtoto aliyetoka homa.

Mama Sabina alipopata habari alikuja na swali moja. "Mudogo wangu ataenda kufanya nini kule?"

"Atakaa tu, Mama. Hatasema kitu. Watu wamuone tu kwamba anaendelea."

"Atakaa tu?"

"Atakaa tu." Nilimwahidi hivyo, kwa kinywa hiki.

Jumamosi ile, wapendwa, nilipofika Kimanga sikuweza kuuona mlango wa sale. Nilitegemea machifu, wauguzi, wanafunzi wachache. Walikuja watu wa bonde lote. Kuna waliobebwa mgongoni, kuna vipofu walioshikana mabega, kuna mwanamke aliyemfunga mwanawe wa kifafa kwa kitambaa ili asimponyoke. Kijana mmoja, muntu mzima mwenye ndevu, alikuwa ametoka bondeni akisukuma kinga, baiskeli ya mizigo, juu yake amemfunga mama yake mwenye mguu ulioharibiwa na risasi. Walikuwa wamepita vizuizi vyote vya barabara, na aliponiona na kikwembe changu alielewa kwamba minye ndiye.

"Ni weye Madame wa tatu na nusu?"

Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

"Huyu iko mama yangu," akasema, na akaanza kumfungua kamba. Nikamwambia angoje kidogo, tutaonana baada ya mkutano, nikaingia ndani nikitembea hatua fupi fupi, juu ya ile nguo ilikuwa hairuhusu ndefu.

Direkteri alisema. Kisha akasimama pasta wa kanisa lake, muntu mwenye sauti ya kutikisa mabati, ambaye alikuwa amesikia lile neno la Mama Josée na kulilalia siku kadhaa. "Mungu amefungua kinywa cha bubu," akasema, "na neno la kwanza ni lipi? Genda! Ni kusema nendeni! Nendeni mukatangaze!" Watu wakalipuka. Minye nilikuwa nimekaa mbele pembeni ya projekta na nikaangalia viatu vyangu. Katika watu wote wale ni wawili tu tuliokuwepo neno likisemwa, minye na aliyelisema, na sisi wote wawili tulinyamaza.

Zamu yangu ikafika. Nikaonyesha mistari yangu ukutani, ya Papa Kashindi ikipanda kidogo kidogo, ya mfugaji, ya binti, na hakuna aliyeitazama, watu walikuwa wanasukumana ili wamwone mama. Mama Josée alikuwa kwenye kiti cha mbele karibu na dada yake, na kwa mara ya kwanza alikuwa amekaa mgongo kwenye watu. Nilikuwa sijalifikiria hilo. Nilipanga projekta, nilipanga maji ya pasta, lakini mgongo wa Mama Josée sikuupanga.

"Mama aje mbele!" Direkteri akasema.

Nikamtazama, nikatikisa kichwa. Akatabasamu, akafikiri ni unyenyekevu. Pasta alikuwa tayari amemshika yule mama mkono na kumsimamisha, Mama Sabina akanigeukia mara moja tu, na nikaletewa mikro. Nini kilinipata sijui. Watu walikuwa wanapiga makofi kwa mpigo mmoja, mabati yanaitikia, nikajikuta nimeweka mikro chini ya midomo yake na ninamnong'oneza, na mikro ikachukua mnong'ono wangu ikautupa sale nzima: "Neno moja tu, mama. Moja tu."

Akanitazama. Akatazama nyuma yangu, akaona ule ukuta wa watu, wote wamesimama, wote wanakuja mbele kidogo kidogo ili wasikie.

"Genda," akasema.

Kelele zilizotoka hapo sijawahi kusikia tena, hata siku za mabomu. Haleluya, vigelegele, wamama wanarusha vitambaa. "Genda!" akasema tena kwa nguvu zaidi, "Genda! Genda!" na kila akiwafukuza wao wanashangilia, na kila wakishangilia wanasogea, juu ya sasa kila muntu aliyeleta mgonjwa alitaka mgonjwa wake amguse. Watu wa bonde walisikia vizuri kile alichokuwa anasema, ni lugha yao, na nao walisogea. Wakajaza fasi yote ya mbele. Yule mama akarudi nyuma mpaka ukutani, akashuka chini, akajikunja, mikono juu ya kichwa, na sauti yake ikaendelea kutoka pale chini, sasa si neno tena.

Nikapiga magoti ili nimfunike. Nguo ikapasuka kutoka kiunoni mpaka chini kabisa, kwa mlio ambao mikro, ambayo sikuwa nimeiachia, iliutangaza kwa wote. Jupo la ndani lilikuwa la njano. Sale nzima ikacheka, kicheko cha watu wenye dhiki waliopata kitu cha kuchekea, machifu wanacheka, pasta ameficha uso, na kutoka nyuma muntu akapaza sauti: "Ni mushono wa Kashindi huo! Ule mukono uliopona!"

Nilimwona Papa Kashindi kati ya vichwa. Alikuwa amevaa koti. Akatazama mkono wake wa kulia, akauingiza mfukoni, akatoka.

Askari wa mlangoni waliwatoa watu kwa fimbo. Mama Sabina akamwinua mdogo wake, akatandua kitenge chake cha mabegani akanirushia nijifunge, ndiyo huruma ya mwisho niliyopata kwao. Nje, yule kijana wa kinga alikuwa bado ananingoja. Mama yake alikuwa amekaa chini, mguu umenyooshwa, amefunuliwa tayari kwa kuponywa.

"Sasa zamu yetu?"

"Papa, sisi hatuponyi miguu."

"Munaponya nini?"

Nikafungua kinywa nimweleze, kwamba kuna watu wanne, kwamba watatu wamesogea kidogo, kwamba kidogo chao ni kizuri. Akanitangulia.

"Basi mulituita juu ya nini?" akaniuliza, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniua. Hasira ilitoka kwa wengine. Waliotembea na wagonjwa mgongoni wakaanza kutupa walichokuwa nacho, maganda ya mihogo, udongo wa mtaro, na nilirudi Songo kwa miguu nimejifunga kitenge cha watu, watoto nyuma yangu wanaimba tatu na nusu, tatu na nusu.

Rezo iliporudi nilimpata Profesa. Nikamweleza yote. 

"Huyo mama ungemuandika peke yake," akasema. "Njia ile haimufai muntu asiyeyumba. Ungesema wazi: wa nne hakuingia kwenye wastani, na sababu ni hii. Hakuna aibu katika kusema hivyo."

"Nilitaka kukuuliza, Profesa, barabara..."

"Najua barabara." Kisha akauliza, "Na wale watatu? Wanaendeleaje?"

Hapo ndipo nililia. Binti wa shule hakurudi, baba yake alisema sisi ni wachawi au waongo, tuchague wenyewe ipi. Mfugaji alihama. Kwa Papa Kashindi nilienda na ile nguo mkononi ili nimwonyeshe. Nilimkuta amekaa karibu na cherehani iliyofunikwa, na kabla sijasema kitu akaniomba msamaha yeye. "Madame, mukono uliniangusha." Nikamkunjulia kikwembe: uzi ulikuwa mzima, mishono imenyooka yote kutoka juu mpaka chini, kilichopasuka ni kitambaa chenyewe, kando ya mshono, kwa sababu minye nilitaka kiuno. Alipitisha kidole pale. Mkono ulikuwa unatetemeka kuliko siku ya kwanza tulipompima.

"Ni kweli, uzi uko muzima," akasema. "Lakini nani atakuja kuangalia uzi?"

Mapigano yaliposhuka karibu na mji alivuka mpaka na cherehani yake, na sijui yuko wapi. Kituo kilifungwa. Direkteri alinitetea mpaka mwisho, masikini, bado aliamini ile namba.

Barabara ilipofunguliwa nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka Luberizi kumwomba Mama Josée msamaha. Nilikuwa nimebeba sukari na kitenge cha Mama Sabina, nimekifua na kukipiga pasi. Nilimkuta Mama Sabina anaanika mpunga mbele ya nyumba. Akapokea kitenge, sukari akaiacha mkononi mwangu, na hakunipa kiti.

"Usiingie," akasema kwa sauti ya chini.

"Sitakaa, Mama. Nataka tu kumuambia..."

"Anasema sasa."

Sikumwelewa. "Nani anasema?"

"Mudogo wangu. Anasema na kuku, na mbuzi, na watoto wa jirani wakikanyaga mupunga. Ilianza tulipotoka kwenu. Juzi aliniambia chumvi imezidi." Akanitazama, na nikaona furaha yake anaificha, hataki kunigawia. "Lakini gari ya watu wa misaada ikipita, ananyamaza. Juzi nyingine alisikia kwenye redio sauti inayofanana na yako, akanyamaza mpaka kesho yake."

Ndipo nikaisikia kutoka nyuma ya nyumba, sauti ya mwanamke anamgombeza mbuzi, kwa Kirundi cha haraka, maneno mengi, matusi ndani yake, mbuzi anaitwa mwizi mtoto wa mwizi. Nilisimama pale na sukari yangu. Miezi yote ile nilikuwa nimemngoja muntu huyu na kikombe mkononi, na muntu huyu alikuwepo, na hakunihitaji. Mama Sabina akaweka kidole mdomoni, kisha akanionyesha barabara kwa kidevu.

Nikaondoka kwa ncha za viatu. Dereva wa moto alikuwa anataka kupiga kiki, nikamshika mguu.

"Usiwashe hapa. Tuisukume kwanza, mpaka kule kwenye mitaro ya mpunga."

Tukaisukuma. Jua lilikuwa kali, viatu vyangu vya mjini vimejaa vumbi, na katika kusukuma kule nikaapa kwamba sitamsimamisha tena muntu mbele ya watu ili minye nipigiwe makofi, hata akipona kweli, hata wakinililia, na kiapo hicho sijakivunja mpaka leo, ingawa makofi yenyewe hakuna tena anayenipigia.

"Madame," dereva akaniuliza akihema, "mule ndani kuna mugonjwa?"

"Hapana," nikamwambia. "Sukuma tu."